Kanuni ya Mara Ishirini

Raymond Ormerod alikuwa msoma mita za gesi. Kwa miaka ishirini na saba aliingia karibu kila nyumba ya mji wetu wa Colne, kaskazini mwa Uingereza, akapiga magoti mbele ya kabati la chini ya ngazi, akamulika tochi, akaandika tarakimu zake, akaaga. Chini ya ngazi ndiko watu wanakosukumia kile wasichotaka wageni wakione: chupa tupu, viatu vibovu, picha ya mume wa kwanza. Raymond aliviona vyote na hakumwambia mtu. Ila alikuwa na udhaifu mmoja. Akikuta sanduku la santuri lazima alipekue.

Ndivyo alivyonipata mimi. Ilikuwa mwaka 1974, nimerudi kutoka jikoni mwa shule nilikokuwa mpishi, mikono inanuka kabichi, nikasikia sauti ikitoka kabatini.

"Mama, hizi santuri za Ellerbeck ni za nani?"

"Za mume wangu."

"Yuko wapi nimpe mkono?"

"Yuko Blackpool na mwanamke wa duka la viatu."

"Pole sana. Na hizi akaziacha?"

"Huyo akili hajawahi kuwa nazo."

Akatoka, magoti yamejaa vumbi, akaniuliza kama nami huwa nazisikiliza au zimekaa tu. Nikasema nazisikiliza. Sikusema kwamba nilianza kuzisikiliza baada ya mume kuondoka, kwa hasira, nikitaka kujua alichokuwa anakifuata humo usiku mzima huku mimi nimelala peke yangu. Raymond akanialika kwake Jumapili, saa tisa alasiri. "Njoo Muriel," alisema, maana alikuwa amesoma jina langu kwenye karatasi ya mita. "Tuko saba, tunakutana kuzisikiliza. Mwanamke hatuna."

Ellerbeck walikuwa vijana wanne wa hapa hapa, waliojipa jina la kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha nguo. Walipiga roki ya namna ile iliyotamba wakati huo, nyimbo ndefu zisizo na haraka ya kwenda popote. Wimbo wao mmoja ulijaza upande mzima wa santuri, dakika ishirini na mbili, kuhusu mfalme anayegeuka kuwa mnara. Wenye kucheka walicheka, na sisi tuliwaacha wacheke. Aliyekuwa roho ya bendi ni Lionel Aspinall, mpiga kinanda, mtoto wa fundi viatu, aliyesoma darasa moja na Raymond.

Sasa niieleze kanuni, kwa sababu bila kanuni hamtamwelewa Raymond, na mimi mwenyewe ilinichukua miaka kumwelewa.

Santuri ya pili ya Ellerbeck ilipotoka mwaka 1973, Raymond aliichukia. Alimwambia Lionel hivyo hivyo, baa, mbele ya watu: umetuletea kelele za fundi bomba. Wakakosana. Lakini Raymond alikuwa mbishi hata kwa nafsi yake, akaendelea kuipiga apate hakika kwamba ni mbaya. Mara ya kumi na moja, kwa maelezo yake, alikuwa amesimama na kikombe mkononi, kitu fulani katikati ya upande wa pili kikafunguka, akajikuta amekaa kwenye ngazi analia. Kesho yake alikwenda kwa Lionel kuomba radhi. Hakuisahau aibu ile. Alipoanzisha chama cha wapenzi wa Ellerbeck na jarida lake, alitunga kanuni: mwanachama hatatoa hukumu juu ya albamu mpaka aisikilize mara ishirini. Unapiga vijistari kwa penseli ndani ya jalada, kimoja kila unapoisikiliza, vinne na cha tano cha kuvikata. Ukimwandikia Raymond barua ya malalamiko, atakujibu kwa swali moja tu: mara ngapi?

Jarida lilifika mpaka Japani. Mimi ndiye niliyekuwa nalichapa kwa taipureta. Tulikuwa na wasomaji elfu mbili, na walimwamini Raymond kuliko magazeti ya London, kwa kuwa walijua hasemi ovyo.

Niliiheshimu kanuni ile. Ilitufundisha subira, na mtu aliyeachwa anahitaji sana kufundishwa subira. Lakini ilikuwa na kasoro ambayo hakuna kati yetu aliyeiona, au tuliiona tukaogopa kuisema. Mwaka 1986 Ellerbeck walitoa albamu laini, nyimbo fupi fupi, vinanda vinang'aa kama sakafu ya hospitali. Mara ya kwanza tulitazamana. Mara ya nane tukaanza kutafuta mazuri. Mara ya ishirini tulikuwa tumeyapata, na Raymond akaandika kurasa nne za sifa, nami nikazichapa. Leo nasema wazi kwamba tuliizoea tu. Hata jino bovu ukiishi nalo miaka miwili unalizoea, unatafuna upande wa pili.

Baada ya hiyo kukawa na kimya cha miaka minane. Halafu, Jumapili moja ya Oktoba 1994, Lionel akaja mwenyewe kwenye kikao chetu.

Tulikuwa watano siku hiyo. Raymond alikuwa amevuta mapazia kama kawaida, maana kwake muziki haukusikilizwa huku mtu anatazama mvua. Glenys, mkewe, alikuwa jikoni anatoa keki ya tangawizi kwenye oveni. Hakuwa mwanachama. Alikuwa akisema kuna haja ya mtu mmoja mwenye akili timamu ndani ya nyumba.

Lionel alikuwa ameota mvi na anatembea polepole. Hakukaa. Alitoa kanda mfukoni.

"Hii ndiyo albamu mpya," alisema. "Alhamisi inakwenda kiwandani. Mpaka Alhamisi bado naweza kuizuia. Nataka neno lako, Ray."

"Alhamisi ya wiki hii?"

"Ya wiki hii."

"Lionel, mzee, unanijua. Sitoi neno kwa siku nne."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Raymond akaitia kanda kwenye mashine. Tukasikiliza, kila mtu anatazama magoti yake. Sitaichambua albamu ile. Ilikuwa na mashine ya ngoma iliyokuwa ikigonga pale pale kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa na nyimbo kumi, zote za mapenzi, zimeimbwa na mtu wa miaka hamsini anayejifanya ana ishirini. Kinanda cha Lionel ulikuwa ukikisikia kwa mbali, kama jirani anayeongea nyuma ya ukuta. Katika wimbo wa pili nilijua. Nikamtazama Raymond. Alikuwa amekunja ndita, na kidole chake, ambacho siku zote kilifuata muziki juu ya goti, kilikuwa kimetulia kabisa.

Kanda ilipokwisha, Glenys akaingia na sinia.

"Ule wa kwanza," alisema akiweka vikombe, "si ndio ule wa tangazo la mazulia?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajutia.

"Glenys," Raymond akasema. "Tafadhali."

"Nimeuliza tu, baba. Tuna zulia la kununua."

Lionel hakucheka na hakukasirika. Macho yake hayakumtoka Raymond. "Haya, Ray," alisema.

Niliona Raymond anafungua mdomo. Mpaka leo nina hakika neno lilikuwa hapo, kwenye ulimi. Mwanaume yule alinisomea mita kwa miaka ishirini, naujua uso wake anapokutana na tarakimu mbaya. Lakini aliufunga tena, akasema, "Inahitaji muda."

"Muda."

"Itakua. Ile ya pili nayo si niliitukana, unakumbuka? Ikakua. Na hii itakua. Mimi ndiye bado sijaifikia."

"Kwa hiyo nisiizuie."

Raymond akashika kikombe chake kwa mikono miwili. "Mimi ni nani nikwambie uizuie kwa kusikia mara moja?"

Lionel akaitoa kanda, akaitazama, akairudisha mfukoni. Alimshukuru Glenys kwa keki ambayo hakuionja. Alipotoka, hakuna aliyefungua mapazia. Na mimi niliyejua katika wimbo wa pili nilikaa kimya vilevile, nikala vipande viwili, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Hilo silisahau, na sijifichi nyuma ya Raymond.

Albamu ilitoka Februari. Iliitwa *Mlango Ulio Wazi*. Magazeti ya London yaliipa mistari mitatu ya dhihaka, mengine hata hiyo hayakuandika. Raymond hakujali magazeti. Alichonga penseli akaanza kuhesabu.

Kila Jumatatu alikuwa akipita kwangu.

"Mara ya tisa," ananiambia.

"Na?"

"Bado."

Wiki mbili baadaye: "Kumi na sita."

"Na?"

"Kuna kitu katika wimbo wa saba. Karibu dakika ya tatu."

"Mimi nimeusikiliza wa saba, Raymond. Katika dakika ya tatu kuna mlio wa mlango wa gari."

"Wewe uko mara ya ngapi?"

"Ya nne."

"Basi," akasema, akaondoka na kofia yake.

Ishirini ilifika, ikapita. Alikuwa hajauona uzuri wake popote. Akaenda ishirini na tano, akafika thelathini na moja. Glenys aliniambia kwamba sasa anaipiga kwa sauti ya chini sana, ameinama karibu na spika, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu. Alikuwa anakonda. Sikujua kwamba mtu anaweza kukondeshwa na albamu. Wanachama walianza kuandika wakiuliza hukumu iko wapi, na kwa mara ya kwanza hakumuuliza mtu mara ngapi. Barua aliziweka tu kwenye droo.

Kilichomvunja ni kazi yake mwenyewe. Katika wiki moja ya Aprili alipiga magoti chini ya ngazi za wanachama watatu, mmoja daktari wa meno, mmoja mwalimu, mmoja mjane wa Mtaa wa Albert ambaye hakuwahi kukosa kikao. Katika nyumba zote tatu aliikuta *Mlango Ulio Wazi* ndani ya sanduku la vitu visivyotakiwa vya kupeleka gulio la kanisani, pamoja na vikombe visivyo na mkono na vitabu vya watoto waliokwisha kuota ndevu. Nyumba ya tatu, alinisimulia, alikaa pale kabatini hata mjane akaja kumuuliza kama mita ina tatizo.

Jioni ile alileta karatasi moja niichape. Ilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kuandika. Alisema albamu ni mbaya. Alisema ya 1986 nayo ilikuwa mbaya na kwamba aliisifu kwa sababu aliizoea. Alisema kanuni ya mara ishirini ilitokana na aibu yake binafsi, na kwamba kwa kanuni hiyo alikuwa amewafundisha watu elfu mbili kutoyaamini masikio yao. Aliifuta. Mwisho akaandika kwamba albamu hii aliijua siku ya kwanza.

Niliisoma mara mbili. Nilimwonea fahari na kumkasirikia kwa pamoja.

"Lionel ameiona?" nikauliza.

"Ataisoma ikitoka."

"Hapana bwana. Utasema ukweli Japani kabla hujausema mtaa wa pili? Sichapi hata nukta."

"Muriel, huo ni ukaidi."

"Ni huo huo. Vaa koti."

Tukaenda. Lionel alikuwa akiishi peke yake nyumba ya mwisho kabla ya uwanja wa kriketi. Alitufungulia, akaisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni, miwani imeshuka puani. Alisoma taratibu. Nilimwona akirudi kwenye mstari wa mwisho.

"Ulijua pale sebuleni kwako," alisema.

"Ndiyo."

"Lini hasa?"

"Wimbo wa pili."

Lionel akaitikia kwa kichwa, akakikubali kile kitu kama mtu anayepokea kifurushi alichokwisha kukiagiza. "Mimi nilijua tukiwa bado tunaurekodi."

Raymond akamkazia macho. "Basi uliniuliza nini, Lionel? Kama ulijua, ulinijia kwa nini?"

"Kwa sababu mimi hawakuniamini. Niliwaambia wenzangu hii siyo. Wakaniambia nimezeeka, nimechoka, naogopa. Unajua walichonionyesha? Kurasa zako nne. Za mwaka themanini na sita. Walizibandika ukutani pale studio. Wakasema, tazama, watu wetu wanapenda hivi, Ormerod mwenyewe ameandika." Aliikunja karatasi vizuri, akamrudishia. "Neno langu lilikuwa halitoshi. Lako lingetosha. Nilikuja nikiwa nimeshikilia kanda mkononi, nikakuomba neno moja tu, liwe baya."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia la kusema, halafu ningekuaminije?"

Lionel alisema tuichape karatasi, ni ya kweli, tusibadilishe hata herufi. Akatutakia jioni njema na akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Niliichapa. Barua zilikuja za matusi na za shukrani, nusu kwa nusu. Toleo lile lilikuwa la mwisho. Ellerbeck walivunjika kiangazi kile bila tangazo. Na watu wawili waliofahamiana tangu wakiwa na miaka sita wakawa wanapishana sokoni Colne wakiinamisha vichwa, kila mmoja akiwa na haraka ya ghafla ya kununua viazi. Nilimwambia Raymond aende. Alisema ataenda kwa lipi. Kumvika rafiki yako kilemba cha ukoka kwa uoga, alisema, halafu kumvua mbele ya watu elfu mbili, ni makosa mawili, na hakujua aanze kuomba radhi kwa lipi. Alistaafu mwaka uliofuata. Siku za Jumapili mapazia yake yalikuwa wazi, na mle ndani hakukuwa na sauti yoyote ila ya Glenys akimwambia atoke akatembee.

Ilikuwa Juni 1996, Jumamosi asubuhi, niko kwao nakunywa chai, mlango ukagongwa. Glenys alirudi na Lionel nyuma yake. Alikuwa amevaa koti la mvua, na siku hiyo hapakuwa na mvua. Glenys alimwambia avue, akakataa. Akamwambia kuna chai, akakataa pia. Alisimama katikati ya sebule kama fundi aliyekuja kukagua bomba.

"Nimekuwa napiga peke yangu," alimwambia Raymond, bila salamu. "Piano tupu. Sijui kama ni kitu." Akatoa kanda.

Raymond aliipokea. Hakuvuta mapazia. Aliitia kanda, akabonyeza, akakaa ukingoni mwa kiti.

Ilikuwa piano kweli, polepole, nzuri mwanzoni. Kisha ikaanza kujipamba. Ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena, kama mtu anayeaga wageni na haondoki mlangoni. Nilimtazama Raymond na nikajua anasikia kile kile, na nikajua pia kinachomkaba: yule mtu amesimama pale, amekuja mwenyewe, baada ya mwaka mzima na zaidi. Neno moja baya na anaondoka, safari hii moja kwa moja. Lionel alikuwa anatazama zulia.

Zilikuwa zimepita kama dakika mbili. Raymond akanyoosha mkono, akaizima.

"Hapana," alisema. "Hii hapana, Lionel. Ilikuwa imekwisha mapema, ukaendelea kupiga."

Lionel akainua macho kutoka kwenye zulia.

"Imekwisha wapi?" akauliza.

"Pale mkono wa kushoto ulipobaki peke yake."

Lionel akafumba macho, akaipiga tena kichwani mwake, vidole vinacheza hewani, mpaka akafika pale. Vidole vikasimama. Kisha akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akamwambia Glenys kwamba ile chai, kama bado ipo, sasa angeinywa.